Oda kumi na moja, makundi matatu: kisa cha jeti ya Lamu

Shehena nzima ya unga wa ngano ilibaki ndani ya boti pale jeti ya Lamu. Boti ikakata maji kwenda Faza, kisiwani Pate, na kesho yake alfajiri mwenye duka mmoja wa Langoni hakuwa na unga wa kuwauzia akina mama wanaopika mahamri. Kosa halikuwa la hamali, wala la nahodha, wala la karani wa mizigo. Lilikuwa langu. Karatasi iliyogawa kazi siku ile ilitoka kwenye programu niliyoiandika mimi, na jina la duka lile halikuwamo.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu vijana wengi ninaokutana nao, wanaojifunza kuandika programu huku pwani, wanakimbilia kile kile nilichokimbilia. Wanadhani njia nyepesi ni ya wasiojua. Nami nilidhani hivyo, na ilinichukua miezi kadhaa, pamoja na machozi ya mwenye duka, kuona kwamba nilikuwa nimeishika elimu upande usio na mpini.

Kazi yenyewe

Asiyeijua Amu, yaani Lamu, anahitaji kuelezwa kidogo. Mji wa kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Lori linaishia Mokowe, upande wa bara. Kutoka hapo kila kitu, unga, saruji, soda, dawa, mabati, huvuka kwa boti mpaka jeti, na kutoka jeti hupanda mgongoni mwa punda ndani ya shogi, au juu ya mkokoteni pale njia inaporuhusu, mpaka mlangoni mwa duka.

Boti ninayoizungumzia haiishii Lamu. Ikishashusha mizigo ya hapa huendelea kisiwa cha Pate, na njia yake ni Mkanda, ule mkono mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara. Mkanda una kina kifupi. Maji yakishatoka, chombo kilichopakia hakipiti, na kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni zaidi ya saa kumi na mbili. Tena maji hayana saa ya kudumu: kila siku hujaa kama dakika 50 nyuma ya jana, kwa hiyo kazi iliyofanywa Jumatatu kwa starehe, Alhamisi inafanywa mbio.

Pale jeti palikuwa na makundi matatu ya hamali, kila moja na punda wake. Oda ya duka moja hubebwa na kundi moja, haikatwi vipande, kwa sababu ikipungua katoni mwenye duka anataka mtu mmoja wa kumuuliza. Na mzigo hauachwi jetini. Mabaharia huutoa botini pale tu punda wanapokuwa tayari kuupokea. Kwa hiyo anayeifungua boti kamba, siku zote, ni kundi linalomaliza mwisho. Makundi mawili yakimaliza saa nne na la tatu likamaliza saa sita, boti imemaliza saa sita.

Tatizo lote liko hapo: zigawe oda kwa makundi matatu ili la mwisho limalize mapema iwezekanavyo. Kipimo chetu kilikuwa safari, yaani msafara mmoja wa punda wa kundi kwenda dukani na kurudi. Duka la vipuri huenda likawa na oda ya safari mbili, la jumla safari kumi na nne.

Karani alikuwa na desturi yake ya miaka. Ana daftari lenye oda jinsi zilivyoandikwa Mokowe, na kundi lililo huru ndilo linalopewa oda inayofuata. Akishaitoa, anaipiga mstari. Basi. Mimi niliyetoka chuoni nikaitazama desturi ile nikaona ni ya kurekebishwa.

Nilichokijenga

Tatizo lenyewe si la kudharauliwa. Hakuna anayejua njia ya haraka ya kutoa mgao bora kabisa kwa kila orodha ya oda. Liko katika familia ya matatizo yanayoitwa NP-gumu. Oda 11 kwa makundi matatu zina njia 177,147 za kugawanywa, na hizo kompyuta huzimaliza mara moja. Lakini siku za kuelekea Ramadhani oda hufika 30, na njia zinapita trilioni 205. Tarakimu hizo zilinipandisha ari. Nikaona hapa ndipo mahali pa kuonyesha nilichosomea.

Nikaandika algoriti (hatua za kufuata ili kupata jibu) ya kijenetiki, ambayo huiga uzazi wa viumbe. Unaanza na mamia ya migao iliyotungwa kwa bahati nasibu. Ile inayomaliza mapema unaibakisha, unaizalisha kwa kuchukua nusu ya mgao mmoja na nusu ya mwingine, unachanganya kidogo kwa kubahatisha, kisha unarudia vizazi kwa vizazi. Ilikuwa na vigezo: migao mingapi katika kizazi, vizazi vingapi, mchanganyo kiasi gani. Nilikesha nikivigeuza geuza. Na ukweli lazima usemwe, ilifanya kazi. Majibu yake mara nyingi yalikuwa bora kabisa au karibu sana na hapo. Karani akapewa simu, karatasi ikachapwa kwenye duka la fotokopi, daftari likawekwa kando.

Sasa tazama pale ilipovunjika. Niliuandika kila mgao kama mstari mrefu wa oda wenye alama mbili za kutenganisha makundi. Ukichukua nusu ya mstari huu na nusu ya ule, baadhi ya oda hujikuta zimetokea mara mbili na nyingine hazimo kabisa. Nililijua hilo, nikaandika kipande cha kutengeneza: kipite mgao mpya, kiondoe kilichorudiwa, kirudishe kilichokosekana. Lakini ndani ya kipande hicho nililinganisha oda kwa idadi ya safari zake badala ya namba yake. Oda mbili zikiwa na safari sawa, kipande kiliona moja na kuamini kwamba zote mbili zimo. Siku ile kulikuwa na oda mbili za safari nne. Moja ya saruji, moja ya unga.

Kulitafuta kosa hilo kulinichukua mausiku mawili. Kila nikiiendesha programu tena kwa orodha ile ile, ilitoka salama, kwa sababu bahati nasibu haikuangukia pale pale. Ilinibidi niiendeshe mara nyingi mno, nikihesabu oda zilizoingia na zilizotoka, mpaka ikanaswa. Mstari mmoja wa msimbo. Katikati ya mistari zaidi ya mia tatu niliyoiandika mwenyewe, na bado sikuuona kwa macho.

Linaloniuma zaidi ni hili: desturi ya karani isingeruhusu kosa lile. Oda isiyopigwa mstari katika daftari inaonekana na kila anayepita. Nilimwondolea mtu chombo ambacho kosa haliwezi kujificha ndani yake, nikampa kingine ambacho kosa hujificha hata kwa aliyekiunda.

Swali la mzee

Kabla ya unga kubaki botini, palikuwa na jambo jingine ambalo sikulipa uzito. Hamali mkubwa wa kundi la kwanza, mtu mzima aliyeanza kazi ya punda kabla sijazaliwa, alinijia Mkunguni, mbele ya ngome, akaniuliza kwa upole.

"Mwanangu, jana sisi tumebeba kuliko wenzetu. Juzi pia. Leo tena. Ni kwa nini sisi?"

Nikamjibu kwamba kompyuta imepiga hesabu. Hakubisha. Alisema tu, "Haya, baba," akaenda zake. Nilidhani nimemjibu.

Hamali hulipwa kwa safari, kwa hiyo kubeba zaidi ni pesa zaidi, lakini pia ni punda kuchoka na kesho kukosa nguvu. Mzee hakuwa analalamika. Alitaka kujua sababu, na sababu haikuwapo. Mgao ule ulikuwa mmoja katika mingi iliyo sawa kwa ubora, na uliochaguliwa ulichaguliwa na namba za kubahatisha. Hata mimi ukinibana nisingeweza kuonyesha hatua moja baada ya nyingine jinsi kundi lake lilivyopata oda ile. Jeti ni mahali ambapo watu wanafanya kazi bega kwa bega kila siku, na mgao usioweza kuelezwa huzaa dhana. Wiki mbili baadaye minong'ono ilikuwa imeshaanza kwamba kundi fulani linajuana na mwenye programu.

Kurudi kwenye daftari

Nililopaswa kulifanya kwanza ndilo nililolifanya mwisho: kupima ile desturi ya zamani ilikuwa mbaya kiasi gani. Nilimwomba karani madaftari yake. Kipimo ni chepesi. Jumlisha safari zote, gawanya kwa tatu. Ugawe utakavyogawa, kundi la mwisho haliwezi kumaliza chini ya hapo. Kisha tazama kundi la mwisho lilimaliza wapi.

Siku nyingi tofauti ilikuwa ya safari chache tu. Siku mbaya zilikuwepo, na zilifanana: oda kubwa ilikuwa imeandikwa mwishoni mwa orodha, makundi yote yalikuwa yameshajaa, na mmoja akaangukiwa.

Ndipo nikakumbuka kazi ya Ronald Graham, mwanahisabati wa Bell Labs huko Marekani. Mwaka 1966 aliichambua desturi hii hii, ya mashine iliyo huru kuchukua kazi inayofuata, akathibitisha kwamba haiwezi kamwe kupita mara 2 - 1/m ya mgao bora, ambapo m ni idadi ya mashine. Kwa makundi yetu matatu ni mara 5/3. Mwaka 1969 alionyesha kwamba ukizipanga kwanza kazi kutoka kubwa hadi ndogo, kisha ukafuata desturi ile ile, mpaka huo hushuka hadi 4/3 - 1/(3m). Kwetu ni 11/9. Yaani karani alikuwa na algoriti yenye dhamana kabla yangu. Kilichopungua kilikuwa kuzipanga oda, basi.

Nilikwenda kumweleza mzee yule. Nilimkuta barazani jioni na bao, nikamwomba komwe. Uthibitisho wa Graham, ule wa kwanza, nilimpa hivi.

Mtazame aliyemaliza mwisho, na oda ya mwisho aliyopewa. Alipopewa, yeye ndiye aliyekuwa na mzigo mdogo kuliko wote. Ndiyo maana akapewa. Basi mpaka hapo hajapita wastani, na mgao bora hauwezi kuwa chini ya wastani. Juu ya hapo ameongezewa oda moja tu. Oda moja nayo haiwezi kuzidi mgao bora, kwa kuwa hata huo mgao bora lazima kuna mtu aliyeibeba nzima. Jumlisha viwili hivyo: haupiti mara mbili, na kwa hesabu makini zaidi ni ile 5/3.

Mzee alinyamaza, kisha akazipanga komwe mwenyewe. Akaweka moja moja mara sita, akazigawa kwa mashimo matatu: mbili, mbili, mbili. Halafu akashika tatu kwa pamoja mkononi.

"Na hii ikija nyuma?"

Akaiweka. Shimo moja likawa na tano. Kisha akazizoa zote, akaanza na zile tatu katika shimo la kwanza, na ndogo sita akazitia tatu tatu kwenye mengine mawili. Tatu, tatu, tatu.

"Basi kubwa itangulie," akasema.

Sikumfundisha hilo. Tano kwa tatu ni 5/3 kamili. Aliupata kwa mkono mfano ulio mbaya kuliko yote unaoruhusiwa na mpaka wa Graham kwa makundi matatu, na papo hapo akaipata dawa yake. Usahili wa uchambuzi una faida hii ambayo watu huisahau. Uthibitisho unaoshikika mkononi unamwonyesha mtu mahali ulipo mwanya. Sentensi ya "oda moja haiwezi kuzidi mgao bora" ndiyo iliyo legevu, na mzee aliingiza kidole pale pale. Ukitanguliza kubwa, oda ya mwisho inakuwa miongoni mwa ndogo. Ikiwa ndogo kiasi cha kutozidi theluthi ya mgao bora, ziada haipiti theluthi. Ikiwa ni kubwa kuliko hapo, maana yake oda zote zilizotangulia ni kubwa pia, hakuna kundi linaloweza kubeba zaidi ya mbili katika mgao bora, na katika hali hiyo kutanguliza kubwa hutoa mgao bora wenyewe.

Siku moja kwa karibu

Nitaiweka hapa siku moja ya oda 11, ili msomaji aifanye mwenyewe kwa kalamu. Safari zilikuwa 14, 12, 11, 9, 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2. Jumla 81, kwa hiyo chini ya 27 hakuna.

Kundi la kwanza linachukua 14, la pili 12, la tatu 11. Oda ya 9 inakwenda kwa mwenye mzigo mdogo, wa tatu, anakuwa na 20. Ya 8 kwa wa pili, naye 20. Ya 7 kwa wa kwanza, 21. Wa pili na wa tatu wako sawa, na tukilingana anatangulia aliye juu kwenye daftari, kwa hiyo ya 6 inakwenda kwa wa pili: 26. Ya 5 kwa wa tatu, 25. Ya 4 kwa wa kwanza, 25. Ya 3 kwa wa kwanza tena, 28. Ya 2 kwa wa tatu, 27. Mwisho: 28, 26, 27.

Programu yangu kwa orodha hiyo hiyo ilitoa 27, 27, 27. Ilikuwa kamili. Nilimwonyesha karani, nikamwambia programu imeshinda kwa safari moja.

"Safari moya?" akaniuliza. Kutoka jeti mpaka Langoni na kurudi, punda wakiwa hawana haraka, ni kama robo saa. Kwa ajili ya robo saa hiyo tulikuwa tunalipa fotokopi, chaji ya simu, mausiku yangu, minong'ono ya hamali, na shehena moja ya unga iliyofika Faza.

Zipo siku ambazo kanuni nyepesi huyumba zaidi, na sitazificha. Siku moja zilikuja oda saba: 5, 5, 4, 4, 3, 3, 3. Fuata kanuni utaishia na 11 kwa kundi moja na 8 kwa kila moja ya mengine mawili, wakati 9, 9, 9 inawezekana. Hapo 11/9 ya Graham imetimia yote, hakuna kubaya zaidi ya hapo kwa makundi matatu. Na ilikuwa siku ya maji ya haraka.

Karani aliitazama karatasi, akaona kundi la kwanza limeshika 5, 3 na 3, la pili 5 na 3, la tatu 4 na 4. Akabadilisha 5 ya la kwanza na 4 moja ya la tatu: yakawa 10, 8, 9. Kisha akabadilisha ile 4 na 3 ya la pili: 9, 9, 9. Mabadilishano mawili, kwa kalamu, akiwa amesimama. Tangu siku hiyo tuliongeza hatua ya pili kwenye kanuni: ukimaliza kugawa, mtazame mwenye mzigo mkubwa kuliko wote, uone kama kuna oda anayoweza kubadilishana na mwenzake ili apungue bila mwenzake kufika alipokuwa yeye. Ikiwepo, badilisha. Isipokuwepo, acha. Ni sentensi mbili tu, na hazikuvunja chochote kilichotangulia.

Wengine waliopita njia hii

Nilipoanza kusoma kwa jicho jipya niliona kwamba jambo lililonipata jeti limewapata hata mabingwa. Utafutaji wa nusu kwa nusu, ule wa kufungua kamusi katikati na kuacha nusu isiyohitajika, ni katika algoriti fupi kuliko zote. Hata hivyo mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kosa lililokaa karibu miaka tisa katika maktaba ya lugha ya Java, kwenye msimbo alioutunga mwenyewe: kujumlisha mwanzo na mwisho kabla ya kugawa kwa mbili hupita 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote inayoingia hapo, orodha ikiwa kubwa mno, na jumla hugeuka kuwa hasi. Kama mistari kumi inaweza kuficha hilo miaka yote hiyo, yangu mia tatu ilikuwa na haki gani ya kuaminiwa?

Bernard Chazelle mwaka 1991 alichapisha njia ya kukata umbo la pembe nyingi kuwa pembetatu kwa muda unaokua sambamba na idadi ya pembe, na haraka zaidi ya hapo haiwezekani. Ni kazi kubwa sana ya akili, na inajulikana pia kwa ugumu wa kuigeuza kuwa programu. Mwaka huo huo Raimund Seidel akatoa njia ya kubahatisha iliyo nyuma kidogo mno kinadharia, lakini nyepesi zaidi kuandika, na imegeuzwa kuwa programu. Nasisitiza hili kwa sababu kubahatisha si dhambi. Kosa langu halikuwa bahati nasibu. Seidel anabahatisha na bado kila hatua yake inaelezeka.

Wala wepesi wa kutenda si wepesi wa kuthibitisha. Ile mbinu ya kuunganisha makundi ya vitu, ambayo kila kitu humwelekeza mkubwa wake, huandikwa kwa mistari michache. Lakini Robert Tarjan alipoichambua mwaka 1975 ilihitaji hisabati nzito kupata muda wake halisi. Kanuni ya Graham ina bahati ya kuwa nyepesi pande zote mbili, na ndiyo maana iliweza kukaa barazani. Tangu mwaka 2018, mkutano wa kwanza ukiwa New Orleans, watafiti wana kongamano zima la usahili katika algoriti, ambalo hupokea uthibitisho mpya mfupi wa jambo la zamani kama matunda halali ya utafiti. Ningelijua hilo nikiwa chuoni, huenda ningelitazama daftari la karani kwa heshima.

Mambo mawili ambayo watu hunipinga

La kwanza: safari si sawa. Duka la Mkomani juu kule kilimani si sawa na la kando ya jeti. Kweli. Mwanzoni nilitaka kuitia tofauti hiyo ndani ya kanuni, kwa masharti ya mtaa huu na mtaa ule. Karani alikataa, na alikuwa na haki. Tulibadilisha kipimo badala ya kanuni: safari ya mbali inaandikwa kuwa moja na nusu, au mbili. Kanuni haijui habari za kilima; inaona namba tu.

La pili ni la wenzangu wa fani, nao wananiambia kwamba safari zetu ni chache, kwa hiyo jedwali la mizigo inayowezekana kwa makundi mawili, lililojazwa oda moja moja, lingetoa mgao bora kamili kwa haraka bila kubahatisha. Nakubali. Ni njia safi, na ingekuwa bora mara nyingi kuliko niliyoichagua. Mahali penye robo saa yenye thamani kubwa, bandari kubwa kwa mfano, ningeitumia bila kusita. Lakini jedwali lenye maelfu ya vyumba linatoa jibu bila kumwonyesha hamali kwa nini oda ya 14 ni yake. Kanuni inamwonyesha: ilikuwa kubwa kuliko zote, na leo zamu ya kutangulia ni yenu. Kesho ni ya wengine, kwa sababu jina la juu kwenye daftari linazunguka kila siku. Swali la mzee lina jibu, na jibu analo yeye mwenyewe, halitoki kwangu.

Mwenye duka la Langoni nilikwenda kumwomba radhi. Alinisamehe, kisha akaniuliza kama ile mashine bado inafanya kazi. Nikamwambia hapana, daftari limerudi. Alichukua oda yake iliyofuata kwa kwenda jeti mwenyewe, akasimama nyuma ya karani mpaka alipoona mstari unapita juu ya jina lake.

Nilisafiri kwa muda baada ya hapo. Niliporudi nilikuta kundi la nne la hamali limeongezeka, vijana wenye punda watano. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza la kufanya. Nilikwenda jeti asubuhi, maji yakiwa yanajaa, nikalikuta daftari limefunguliwa juu ya katoni la sabuni: oda zimepangwa kubwa juu ndogo chini, na kando yake, palipokuwa na safu tatu, karani alikuwa amepiga mstari wa rula na kuanzisha safu ya nne. Kwa makundi manne dhamana ya Graham ni 5/4. Nilimwambia. Aliandika 5/4 pembeni mwa ukurasa, akaendelea kugawa.